Kufuma Sweta Ulilolibuni Mwenyewe kwa Mbinu za Shetland, Norwe na Iceland

Wafumaji wa visiwa vya Shetland, kaskazini kabisa mwa Uskoti, walifuma masweta ya maua kwa vizazi vingi bila karatasi ya maelekezo mbele yao. Walijua mkono wao unatoa vitanzi vingapi kwa upana fulani, walijua idadi zinazogawanyika bila baki, na maua waliyabeba kichwani. Mwongozo huu unafuata njia yao. Ukinunua mchoro wa mtu mwingine unafungwa na uzi wake, sindano zake na kifua cha mtu aliyepigwa picha. Ukijua hesabu ya vitanzi vyako unaingia dukani, unachukua uzi uliopo, unapima kifua cha unayemfumia, na sweta linakaa mwilini kama lilivyokusudiwa.

Nachukulia kwamba tayari unajua kutundika vitanzi kwenye sindano, kufuma kitanzi cha mbele na cha nyuma, kuongeza, kupunguza na kufunga. Kama hayo bado, yafanyie mazoezi kwa skafu moja kisha urudi hapa.

Kwanza, tuangalie wenyewe wanavyofuma

Fair Isle ni kisiwa kidogo kati ya Orkney na Shetland, na jina lake ndilo limeshika duniani kwa ufumaji wa maua ya rangi. Mwanamfalme wa Wales, yule aliyekuja kuwa mfalme Edward VIII, alivaa sweta la huko hadharani miaka ya 1920 na mtindo ukaenea. Ukilitazama sweta la Fair Isle unaona rangi saba au nane, lakini zihesabu mzunguko kwa mzunguko: katika kila mzunguko mmoja zimo rangi mbili tu. Moja ni ya msingi, nyingine ni ya ua. Baada ya mizunguko michache rangi ya msingi inabadilishwa, au ya ua, na macho yanadhani kuna mchanganyiko mkubwa. Kanuni hiyo moja inaifanya kazi iwezekane kwa mkono wa kawaida.

Mfumaji wa Shetland hufunga kiunoni mkanda wa ngozi wenye kifuko kilichoshindiliwa singa za farasi na kutobolewa matundu mengi. Ncha ya sindano ya kulia huchomekwa kwenye tundu mojawapo, sindano ikasimama yenyewe, na mkono wa kulia ukabaki na kazi ya kurusha uzi tu. Kwa mkanda huo wanafuma huku wamesimama au wakitembea, kwa kasi ambayo ukiiona utataka kuanza leo.

Norwe wana mambo yao. Katika bonde la Setesdal wanaume walivaa sweta jeusi lenye vidoadoa vyeupe, kitanzi kimoja kimoja, ambavyo wenyewe waliviita chawa. Sehemu ya chini ya sweta hilo iliachwa nyeupe bila ua lolote, kwa kuwa ilichomekwa ndani ya suruali na hakuna aliyeiona. Rangi haikupotezwa bure. Huko Selbu, mwaka 1857, msichana Marit Guldsetbrua Emstad alifuma glavu nyeusi na nyeupe zenye waridi la petali nane, na ua hilo likawa nembo ya eneo zima.

Wavuvi wa pwani za Uingereza na Uskoti walivaa gansey, sweta la bluu iliyoiva, lililobana mwili, lililofumwa kwa uzi mwembamba uliosokotwa kwa nguvu. Maua yake hayana rangi ya pili. Yanatokana na kupanga vitanzi vya mbele na vya nyuma mpaka zionekane ngazi na kamba. Kwapani hutiwa kipande cha umbo la almasi ili mkono unyanyuke mtu akivuta nyavu. Mikono hufumwa kuanzia begani kushuka, kwa sababu sehemu inayochakaa kwanza ni ya kifundo: inafumuliwa, inafumwa upya, na sweta lililobaki haliguswi. Mbele na nyuma ni sawa, hivyo viwiko vikianza kulegea unaligeuza.

Kama kuna mwanamume anasoma huku anaona haya kushika sindano, katika kisiwa cha Taquile kwenye Ziwa Titicaca, nchini Peru, kofia hufumwa na wanaume, na wavulana hujifunza wakiwa wadogo. UNESCO iliutangaza usanii wa nguo wa kisiwa hicho kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005.

Umbo tutakalolitumia hapa ni la Iceland, lopapeysa. Licha ya sifa zake, si la kale: lilienea katikati ya karne ya 20. Linafumwa kwa duara kutoka chini kwenda juu, halina mshono wa ubavuni wala wa begani, na maua yake yote makubwa yako kwenye duara moja linalozunguka mabega na kifua. Kwa anayetaka kubuni, sioni umbo bora zaidi la kuanzia. Mwili na mikono ni mabomba matatu ya rangi moja, na ubunifu wako wote unaingia mahali pamoja.

Hatua ya 1: Uzi na sindano

Sufu ya kondoo ndiyo uzi wa kazi hii. Nyuzinyuzi zake zina magamba madogo yanayoshikana, hivyo rangi mbili hukaa pamoja bila kuteleza, na kasoro ndogo za mkono hujisawazisha sweta likioshwa. Maduka mengi ya mijini huku kwetu yanauza zaidi akriliki. Ni halali kabisa kuanza nayo, na sweta lake litakutunza kwenye baridi ya Njombe, Lushoto au Limuru. Ila fahamu tofauti mbili: akriliki haishikani, kwa hiyo ukitaka sweta la vifungo, ambalo hukatwa katikati ya mbele, usiikate bila kuipiga cherehani kwanza, na usiipige pasi, maana joto huilegeza na haitarudi. Ukiwa Kenya, ulizia sufu halisi: kondoo wa sufu wanafugwa sehemu za Molo na Nyandarua, na Nanyuki kuna wanawake wanaosokota sufu kwa mkono.

Tafuta uzi wa unene wa kati, ule ambao gramu 50 zina kama mita 100. Sweta la mtu mzima mwenye umbo la wastani litakula gramu 500 hadi 600: karibu 400 za rangi ya msingi na zilizobaki ugawe kwa rangi za maua. Nunua msingi wote siku moja, na hakikisha namba ya rangi na namba ya mkupuo wa kutia rangi (lot) kwenye karatasi ya kila bonge ni zilezile. Rangi ya sufuria moja na ya nyingine hazilingani, na utofauti utauona juani ukiwa umeshafika kifuani.

Sindano: ya duara milimita 4.5 yenye waya wa sentimita 80 kwa mwili. Ya duara ya sentimita 40 kwa shingo na sehemu ya juu ya mikono. Na sindano tano fupi zenye ncha pande zote mbili kwa vifundo vya mikono. Uwe pia na za milimita 3.5 kwa ajili ya ribu, ule ukingo unaonyumbulika. Spoku za baiskeli, ambazo wengi wetu tulianzia nazo utotoni, zina unene wa kama milimita 2. Zinafaa uzi mwembamba, kwa uzi huu zitatoa kitambaa kigumu kama gunia.

Hatua ya 2: Fuma kofia kabla ya sweta

Kila mkono una kipimo chake. Watu wawili wakipewa uzi uleule na sindano zilezile, mmoja atapata vitanzi 17 kwenye sentimita 10 na mwingine 19. Unaweza kudhani ni tofauti ndogo. Chukua sweta la vitanzi 180: kwa mkono wa 17 litakuwa na mzunguko wa karibu sentimita 106, kwa mkono wa 19 litakuwa na karibu 95. Hao ni watu wawili wenye miili tofauti.

Wengi hufuma kipande cha mraba cha kupimia, wakienda mbele na kurudi. Kipande hicho hudanganya, kwa sababu ukirudi unafuma vitanzi vya nyuma, na wengi wetu tunavilegeza. Sweta letu ni la duara, vitanzi vyote ni vya mbele, basi pima kwa duara. Fuma kofia. Ukimaliza unayo kofia, na kipimo umekipata.

Tundika vitanzi 96 kwenye sindano ya 3.5, unganisha duara bila kupinda, fuma ribu ya kitanzi kimoja mbele kimoja nyuma kwa sentimita 5. Hamia sindano ya 4.5 na ufume sentimita 6 za rangi moja. Kisha ingiza ua hili dogo la almasi, linalojirudia kila vitanzi 6:

Mzunguko wa 1: msingi 2, ua 1, msingi 3.
Mzunguko wa 2: msingi 1, ua 3, msingi 2.
Mzunguko wa 3: ua 5, msingi 1.
Mzunguko wa 4 urudie wa 2, na wa 5 urudie wa 1.

Hapa ndipo panapojifunzwa kushika rangi mbili, na inafaa kwenda polepole. Uzi wa msingi uushike kwa mkono wa kulia, wa ua kwa mkono wa kushoto, kila mmoja kwenye kidole chake cha shahada. Uzi wa kulia unauzungusha kwenye ncha ya sindano. Wa kushoto unauchota kwa ncha. Kwa nyuma, uzi wa ua upite chini ya uzi wa msingi wakati wote, na usibadilishe mpangilio huo mpaka sweta liishe. Uzi unaopita chini hutoa kitanzi kikubwa kidogo, na ua hujitokeza. Ukichanganya, mzunguko huu chini na ule juu, ua moja litang'aa na jingine litafifia, na hutajua kwa nini.

Uzi usiofanya kazi unapita nyuma ya vitanzi vya mwenzake. Upitapo vitanzi 5 au pungufu, uache ulale. Ukizidi hapo, usokote mara moja na uzi unaofuma ili ushikwe katikati, la sivyo vidole vitanasa kila unapovaa. Na kila unapobadili rangi, vitandaze vitanzi ulivyokwisha kufuma kwenye sindano ya kulia mpaka vikae kwa upana wake halisi. Wanaoanza hukaza uzi wa nyuma na kitambaa hujikunja kama ngozi iliyoungua. Ukiona sehemu ya maua imebana kuliko sehemu ya rangi moja, tumia sindano ya milimita 5 kwenye mizunguko ya maua pekee.

Kofia ikifika sentimita 18 kutoka chini, gawa vitanzi mafungu 8 ya vitanzi 12, upunguze kitanzi kimoja mwisho wa kila fungu kila baada ya mzunguko mmoja. Vikibaki 8, pitisha uzi ndani yake na uvute.

Sasa ioshe kwa maji ya uvuguvugu, ikamue ndani ya taulo, itandaze ikauke. Usipime kabla ya hapo, maana sufu hujaa ikiloa. Weka rula katikati ya sehemu ya rangi moja, hesabu vitanzi vilivyomo ndani ya sentimita 10, na nusu kitanzi uihesabu kama nusu. Hesabu na mizunguko kwenda juu. Mfano wetu utakuwa vitanzi 18 na mizunguko 24.

Hatua ya 3: Tafuta namba mama

Mfumaji Elizabeth Zimmermann, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1910 na kufanya kazi yake kubwa Wisconsin, Marekani, aliweka wazi jambo ambalo mikono ya wafumaji wa kale ilikuwa ikilifanya: ukishajua idadi ya vitanzi vya kifua, sehemu nyingine zote ni asilimia ya idadi hiyo. Mimi naiita namba mama.

Pima kifua. Ongeza nafasi ya kupumua, sentimita 8 kwa sweta la wastani. Kifua cha sentimita 92 kinakuwa 100. Zidisha kwa vitanzi 1.8 kwa kila sentimita, unapata 180. Hiyo ndiyo namba mama, na kutokana nayo:

Kifundo cha mkono ni asilimia 20: vitanzi 36.
Mkono kwa juu ni asilimia 33: vitanzi 60.
Kwapa ni asilimia 8: tuseme vitanzi 15.
Shingo ni asilimia 40: vitanzi 72.
Kina cha duara la mabega ni robo ya mzunguko wa kifua: sentimita 25, yaani mizunguko 60.

Halafu piga hesabu ya duara lenyewe: namba mama, jumlisha mikono miwili, toa kwapa mara nne, kwa kuwa kila kwapa linaondolewa upande wa mwili na upande wa mkono. 180 + 120 − 60 = 240.

Namba hiyo ya mwisho ndiyo ya kuitafutia raha. Ikigawanyika kwa 24, karibu kila ua utakalochora litaingia bila baki tangu chini hadi shingoni. 240 inagawanyika. Yako isipogawanyika, ongeza au punguza kitanzi kimoja au viwili kwenye kwapa, mkono au mwili mpaka ikubali. Kwa mfano, kifua cha sentimita 102 kinakuwa 110 na kutoa 198. Mkono ni 66, kwapa 16, duara 266. Punguza mwili uwe 196, duara linakuwa 264, na hakuna atakayehisi upungufu wa vitanzi viwili kifuani.

Hatua ya 4: Chora maua yako

Chukua daftari la hesabu la miraba. Kila mraba ni kitanzi kimoja. Tahadhari moja ambayo wengi hawaambiwi: kitanzi si mraba. Kwa kipimo chetu kina upana wa milimita 5.6 na kimo cha milimita 4.2. Ukichora ua la miraba 12 kwa 12, kwenye sweta litatoka na upana wa sentimita 6.7 na kimo cha sentimita 5, limebonyezwa. Ukitaka lilingane pande zote, lipe miraba 12 kwa upana na 16 kwa kimo.

Duara la mabega lina kanda tatu, kwa sababu vitanzi vinapunguzwa mara tatu. Kanda ya chini ina vitanzi 240 na mizunguko 29. Hapo ndipo pa ua kubwa, la vitanzi 12 au hata 24. Kanda ya kati ina vitanzi 180 na mizunguko 14. Weka ua la vitanzi 6, ile almasi ya kofia inatosha kabisa. Kanda ya juu ina vitanzi 120 na mizunguko 12. Ua la vitanzi 4 au 6. Mzunguko wa kupunguza ufanye wa rangi moja, katikati ya ua na ua. Ukipunguza ndani ya ua utalivunja.

Maua utayatoa wapi? Waridi la Selbu na nyota za Fair Isle ni urithi unaofumwa na yeyote, na vizuri useme ulikolitoa. Lakini angalia pia mkeka wa ukindu chini ya miguu yako. Msusi wa mkeka anahesabu miaa, nawe unahesabu vitanzi, na ua lililojengwa kwa hesabu linahamia kwenye daftari la miraba bila shida. Kiondo chenye mistari ya pembe nacho ni hivyohivyo. Maua ya kanga, ya mizunguko na mikunjo, yanahitaji vitanzi vingi na vidogo, yaache kwanza.

Kuhusu rangi, zipange nyuzi sakafuni na uzipige picha kwa simu, kisha igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Rangi mbili zinazoonekana kijivu kilekile hazitaachana kwenye ua, hata kama moja ni nyekundu na nyingine ni kijani. Ua linabebwa na kiza na mwanga.

Hatua ya 5: Mwili na mikono

Sehemu hii ni ya uvumilivu na haina mengi. Kwa sindano ya 3.5 tundika vitanzi 162, pungufu ya namba mama kwa asilimia 10, ili ukingo ushike. Ribu ya kimoja kimoja, sentimita 6. Hamia 4.5, na katika mzunguko wa kwanza ongeza kitanzi kimoja kila baada ya vitanzi 9; unafika 180. Panda moja kwa moja mpaka sentimita 40 kutoka chini, au kimo unachotaka chini ya kwapa. Ukichoka na rangi moja, tia chawa wa Setesdal: kitanzi kimoja cha rangi ya pili kila vitanzi 6, mizunguko mitatu ya rangi moja, kisha mstari unaofuata wa chawa uusogeze vitanzi 3. Kumbuka tu kufunika kwa chawa kunataka uzi zaidi.

Mkono: tundika 36, ribu sentimita 6, kisha ongeza vitanzi 2 (kimoja kila upande wa mstari wa chini ya mkono) kila mzunguko wa 7, mara 12. Unafika 60. Fuma bila kuongeza mpaka sentimita 46, au urefu wa mkono wa mwenyewe kuanzia kifundo hadi kwapani. Fuma wa pili mara baada ya wa kwanza, kabla mkono wako haujabadili mwendo.

Hatua ya 6: Kuunganisha na kupanda mabegani

Kwenye mwili, weka vitanzi 15 vya kwapa kila upande kwenye kipande cha uzi wa rangi nyingine, katikati vibaki 75 vya mbele na 75 vya nyuma. Kwenye kila mkono weka 15 vivyo hivyo, vibaki 45. Sasa vipange vyote kwenye sindano moja ya duara: mkono wa kushoto 45, mbele 75, mkono wa kulia 45, nyuma 75. Mwanzo wa mzunguko ni pale mgongo unapokutana na mkono wa kushoto, weka alama. Mizunguko miwili ya kwanza itakuwa migumu na mikono itakuvuta. Itakaa sawa.

Kabla ya maua, inua mgongo. Shingo ya binadamu imeegemea mbele, na sweta lenye kimo sawa pande zote linakaba koo. Maliza mzunguko mmoja wa msingi hadi kwenye alama, endelea vitanzi 15 ndani ya mkono wa kushoto, zungushia uzi kitanzi kinachofuata, geuza. Rudi kwa vitanzi vya nyuma kupitia mgongo mzima hadi vitanzi 15 ndani ya mkono wa kulia, zungushia, geuza. Rudia mara mbili zaidi, kila safari ukiishia vitanzi 5 kabla ya pale ulipogeukia safari iliyotangulia. Umeinua mgongo kwa sentimita 2.5, na mbele haijaguswa.

Sasa maua. Kitanzi cha katikati ya kifua ni cha 83 kutoka kwenye alama (45 vya mkono, kisha cha 38 kati ya 75). Moyo wa ua ukae hapo hasa. Kwa ua la vitanzi 12 ambalo moyo wake uko kwenye safu ya 6 ya mchoro, anza mzunguko kwenye safu ya 8, na hesabu itakuangukia sawa. Kila kanda mpya ihesabu upya, kwa sababu kupunguza kunahamisha vitanzi.

Mzunguko wa 30: fuma 2, unganisha 2, mpaka mwisho, vinabaki 180. Mzunguko wa 45: fuma 1, unganisha 2, vinabaki 120. Mzunguko wa 58: fuma 1, unganisha 2 tena, vinabaki 80. Duara likizidi kuwa dogo kwa waya wa sentimita 80, hamia wa 40. Lijaribu mwilini kanda ya kati ikiisha. Likikaa juu mno kwapani ongeza mizunguko ya msingi kati ya maua, likining'inia, punguza.

Hatua ya 7: Shingo, kwapa, maji

Fuma mizunguko miwili ya msingi, kisha punguza hadi 72 (fuma 8, unganisha 2). Kwa sindano ya 3.5 fuma ribu sentimita 3 kwa shingo ya kawaida. Funga vitanzi kwa kulegeza, hata kwa sindano kubwa zaidi, maana kichwa lazima kipite. Kwa mtoto jaribu kichwa chake kabla ya kukata uzi.

Vitanzi 15 vya kwapa la mwili na 15 vya mkono viwekwe uso kwa uso na kushonwa kwa sindano butu, uzi ukifuata njia ya kitanzi ili kusionekane mshono. Kwenye pembe mbili za kwapa patabaki matundu. Yazibe kwa mkia wa uzi huohuo. Ficha mikia yote kwa ndani.

Kisha ogesha sweta kama ulivyoogesha kofia: maji ya uvuguvugu, sabuni laini, bila kusugua, bila kupindapinda. Shetland huvalisha sweta lililoloa kwenye fremu ya mbao yenye umbo la mwili na kuliacha likauke limenyooka. Taulo kubwa juu ya mkeka kivulini linatosha. Livute kwa viganja mpaka lifikie vipimo ulivyoandika kwenye daftari, upime kwa futi ya fundi, uliache. Usilianike kwenye kamba. Uzito wa maji utairefusha mikono mpaka ifunike vidole.

Ukitaka la vifungo

Fuma kwa duara vilevile, ila katikati ya mbele ongeza vitanzi 7 ambavyo havimo kwenye hesabu ya maua. Kwenye kanda za maua vifume kwa kupokezana rangi, kitanzi kwa kitanzi. Sweta likiisha na kukauka, piga cherehani mistari miwili upande wa kulia wa kitanzi cha katikati na miwili upande wa kushoto, kisha kata katikati yake kwa mkasi mkali. Norwe wanafanya hivyo kila siku. Sufu haitafumuka. Okota vitanzi ukingoni, vitatu kwa kila mizunguko minne, fuma ribu sentimita 3, na matundu ya vifungo yaachwe upande mmoja. Kingo zilizokatwa zikunje ndani uzifunike kwa utepe wa kitambaa, ulioshonwa kwa mkono.